Maji Yaliyobaki Baridi

Mashine ilizima saa nne asubuhi, video ikiwa imebakiza dakika sita kukamilika. Ilikuwa mara ya nne wiki hiyo. Sabaha hakupiga kelele wala hakupiga meza. Aliinama, akaweka kiganja juu ya mabomba mawili ya plastiki yanayozungusha maji ya bluu ndani ya kompyuta ile. Bomba la kwanza lilikuwa baridi. La pili nalo baridi. Akapeleka mkono juu, kwenye rejeta yenye feni tatu, akaikuta baridi kama mtungi.

Na sekunde chache tu kabla haijazima, namba ya joto la prosesa, ubongo wa mashine, kwenye kioo ilikuwa imefika nyuzi tisini na nane.

"Tisini na nane, na maji baridi," alijisemea. "Huo moto unakwenda wapi?"

"Imekufa tena?" Aliyeuliza ni Bibie, mama mkwe wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na ungo wa mbaazi.

"Imezima, mama."

"Imezima, imekufa, mimi sioni tofauti. Watu wa kijiji cha Naipingo wamekuja tena jana. Wanataka kuwaona watoto wao."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomkosesha Sabaha raha. Yeye na mumewe, Sultani, walikuwa na kazi moja hapo Nachingwea: Sultani anapiga video za sherehe, Sabaha anazikata, anaziunga na kuzitia muziki. Wavulana kumi na wawili wa Naipingo walikuwa wametoka jandoni mwezi wa nane. Wazazi walishona sare, walichinja, walicheza ngoma mpaka vumbi likapanda mapaani, na siku ile hairudi tena kwa mtoto yeyote. Picha zote zilikuwa salama ndani ya diski, lakini kila Sabaha alipoiambia mashine izitoe zikiwa video moja, joto lilipanda na mashine ikajizima.

Mashine yenyewe ilikuwa fahari ya Sultani. Sabaha alitaka ya kawaida, yenye feni. Sultani alikataa. "Joto la Nachingwea linataka maji," alisema, "hata lori halipoozwi na feni peke yake." Vifaa vikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam, vikaunganishwa Ruangwa na fundi Titus, na majirani wakaja kuitazama kompyuta inayokunywa maji. Walikuja kwa siku tatu. Siku ya nne ilianza kuchemka, na tangu hapo wiki sita zilikuwa zimepita.

"Si ungeacha kuichokoachokoa," Bibie alisema. "Nilikuona mimi unaimiminia maji ya chupa."

"Yalipungua, mama. Na yale si ya kunywa, niliyapata maabara ya hospitali. Yamegeuzwa mvuke yakarudi kuwa maji, hayana chumvi."

"Chupa ilikuwa ya maji ya kunywa."

"Chupa, ndiyo."

"Basi mimi niliona chupa," Bibie alisema, akaondoka na ungo wake, kesi ameshaimaliza.

* * *

Titus alifika Jumatano kwa Noah ya asubuhi, na mkoba wa vifaa ambao hakuufungua. Alikuwa amehamia Ruangwa kufuata biashara. Duka lake lilikuwa karibu na stendi, na humo alitengeneza simu, printa, ving'amuzi na chochote ambacho mwenyewe hana pengine pa kukipeleka. Alivua viatu mlangoni, akapewa chai na vitumbua, na Bibie akamwita "injinia" mara tatu kabla hajakigusa kikombe. Kisha akawasha tochi ya simu, akaichungulia mashine kupitia ubavu wake wa kioo kwa muda wa mtu kusema bismillahi.

"Nani huwa anaigusa?" aliuliza.

Hakuuliza joto linafika ngapi. Hakuuliza inazima wakati wa kazi gani. Aliuliza nani anaigusa, na Sultani na mama yake wakamgeukia Sabaha kwa pamoja.

"Anaiongezea maji," Bibie alisema. "Ya chupa."

Titus akatikisa kichwa taratibu, kama daktari aliyepata alichokuwa akikitafuta. "Kaka Sultani, hii kitu nimeifungua mara mbili pale dukani. Mara mbili nimesafisha, nimepaka dawa mpya ya kupoozea juu ya prosesa. Upande wangu niko safi. Pampu inazunguka, feni zinazunguka, maji yanatembea. Sasa maji gani? Hapo ndipo pa kuuliza."

"Fundi, naomba nikuonyeshe kitu," Sabaha alisema. "Nikiiwasha, prosesa inafika tisini na nane, lakini mabomba yote mawili ni baridi, na rejeta ni baridi. Maji yangekuwa yamebeba joto, si ningelikuta mahali? Mimi naona joto halifiki kwenye maji kabisa. Moto ukiwaka, na maji ya sufuria hayapati hata uvuguvugu, basi sufuria haijakaa motoni."

Titus alicheka. "Shemeji, hizi si habari za jikoni."

Sultani naye akacheka. Alikuwa mume wake wa miaka tisa, aliyekula alichopika na kuishi kwa alichokikata kwenye mashine, na akacheka pamoja na mtu aliyemfahamu kwa miezi miwili. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kwa sababu fundi alicheka, na kutocheka kungemfanya aonekane hajui.

"Hayo ya chupa ni maji ya kisima tu, chumvi yake imeziba vinjia vya ndani," Titus aliendelea. "Prosesa imeungua. Nitakachokusaidia, kaka, nitaichukua hii kama spea, nikupe laptopu iliyotumika kidogo, maisha yaendelee. Na hizo picha za Naipingo nipe, nitazimalizia mimi dukani."

"Na kazi yangu?" Sabaha aliuliza.

"Utapumzika, shemeji," Titus alisema kwa upole, na upole huo ulimkera Sabaha kuliko kicheko.

Bibie aliweka kikombe chini. "Mashine ile ni pesa ya ufuta wangu wa msimu mzima. Nililima kwa mikono hii. Aliyeharibu ana kwao. Aitwe mjomba wake."

* * *

Kwa watu wa huku, mtoto ni wa ukoo wa mama. Akioa anasimamiwa na mjomba, akikosea anaitwa mjomba, na baba mzazi hubaki pembeni akisubiri kuambiwa ilikuwaje. Ni desturi nzuri ikitumiwa na watu wenye haya. Ijumaa ile, baada ya swala, ilitumiwa kumnyamazisha mtu.

Mzee Swalehe, mjomba wake Sabaha, aliletwa kwa bodaboda kutoka Ruponda. Alimlea Sabaha tangu mama yake alipokwenda kuugulia Lindi akakaa huko miaka mingi. Alivaa kanzu safi, lakini kucha zake zilikuwa na manjano ya salfa, kwa sababu ulikuwa wakati wa kupuliza mikorosho na alikuwa ameitwa katikati ya kazi. Wakamkalisha kwenye kochi la Sultani ambalo mwaka wa tatu huu lilikuwa bado na nailoni yake ya dukani. Kila alipojisogeza nailoni ililia, na kila ilipolia mzee aliomba radhi.

Aliyeongoza kikao ni Shaban, mjomba wake Sultani, mtu mnene mwenye sauti ya msikitini. "Mzee mwenzangu," alisema, "mtoto wako ameharibu."

"Ameharibu nini?"

Wakamwonyesha. Mzee akainama mbele ya kioo, akayatazama maji ya bluu na vitaa vyake. "Hii ndiyo inakunywa maji?"

Watu wakacheka. Titus, ambaye alikuwa amekuja tena kutoka Ruangwa kwa ajili ya ushahidi, alicheka kuliko wote. Kisha akaeleza, na alieleza vizuri: chumvi ya kisima, vinjia vyembamba kama nywele, prosesa iliyoungua. Aliongea kwa nusu saa. Mzee Swalehe, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha mikutano ya chama cha ushirika, alishika maneno mawili tu, maji na kuungua, akawa anatikisa kichwa kwa heshima kwenye mengine yote.

"Mjomba, naomba niseme," Sabaha alisema kutoka kwenye mkeka.

"Mjomba wako amekaa hapa," Shaban alisema. "Wewe unasemewa."

"Lakini hajui kilichotokea."

"Ndiyo maana anaelezwa."

Mzee Swalehe akamtazama mtoto wa dada yake. "Mwanangu, maji uliweka?"

"Niliweka, mjomba, lakini maji yenyewe—"

"Basi."

Alikuwa amejiandaa kwa Titus, kwa Bibie na kwa Shaban. Hakuwa amejiandaa kwa huyu. Alifumba mdomo, na mdomo ukabaki umefumbwa mpaka mwisho.

Mzee alisimama, nailoni ikalia nyuma yake. Akaomba msamaha. Alimwomba Shaban, akamwomba Bibie, akamwomba Sultani, kijana ambaye yeye angeweza kumzaa, halafu, kwa kuwa hakujua kama inatakiwa au haitakiwi, akamwomba na fundi. Akasema hana fedha, lakini ana mikorosho, na kwamba mikorosho ishirini ya upande wa barabara, ambayo tayari imetoa maua, mavuno yake ya msimu huu na ujao yawe ya Bibie.

"Allah akubariki," Shaban alisema, na Bibie akaitikia amin.

Hakuna aliyetaja, na wote walijua, kwamba mikorosho ile ilipandwa na bibi yake Sabaha na kwa haki ya ukoo ni ya Sabaha. Walimshtaki, wakamnyima neno, wakamtoza mali yake mwenyewe, kisha wakamwambia alete chakula. Alileta. Wali, kuku na kisamvu cha korosho, na Titus akaongeza mara mbili.

Wakakubaliana kwamba Titus angeichukua mashine Jumatatu.

* * *

Jumamosi asubuhi Sultani aliondoka kwenda kupiga harusi. Sabaha akafagia chumba, akatandika khanga sakafuni, akalaza mashine juu yake. Alikuwa amechukua bisibisi ya cherehani na chupa ndogo ya spiriti ya duka la dawa.

Bibie akatokea mlangoni. "Unataka kuimalizia?"

"Imekufa tayari, mama. Injinia amesema. Maiti haiumizwi."

Bibie akaegemea mwimo wa mlango. Akasimama pale pale.

Sabaha alifungua skrubu nne zilizoshika kile kipande cha shaba kinachokaa juu ya prosesa, ambacho ndani yake ndimo maji yanapita. Hakulazimika kukata bomba lolote. Akakivuta taratibu, akakizungusha kidogo, kikaachia. Akakigeuza kwenye jua la dirishani.

Hakukuwa na chumvi. Hakukuwa na kutu. Shaba iling'aa kama siku ilipotoka kiwandani, na iling'aa hivyo kwa sababu juu yake, kutoka ukingo hadi ukingo, ilikuwa imebandikwa nailoni nyembamba yenye maandishi mekundu ya Kiingereza. Sabaha alimaliza kidato cha nne. Aliyasoma mara moja yakamtosha. Yalisema ibanduliwe kabla ya kufunga.

"Ni nini?" Bibie aliuliza.

"Nailoni, mama. Ya upya."

"Kama ya kwenye makochi?"

"Kama ya kwenye makochi."

Prosesa ilikuwa inachemka upande huu, shaba na maji vikisubiri upande wa pili, na katikati umekaa utando wa plastiki unaozuia joto lisipite. Wiki sita. Sabaha aliibandua kwa kucha. Ilitoka yote kwa mvuto mmoja, bila ubishi. Akafuta dawa ya zamani kwa spiriti, akapaka mpya kutoka kwenye kimrija kilichokuja na boksi, kiasi cha punje moja ya mbaazi, akarudisha shaba mahali pake na kukaza skrubu kwa kubadilisha pembe, moja huku, moja kule, kama mtu anavyokaza nati za tairi. Bibie alimshikia kopo la skrubu bila kuombwa.

Akawasha. Akaiambia itoe video ya Naipingo, yote. Namba ikapanda hamsini, hamsini na nne, hamsini na nane, ikasimama. Akaweka kiganja juu ya mabomba. Kwa mara ya kwanza tangu mashine iingie nyumba ile, yalikuwa na uvuguvugu.

Alilia. Bibie alidhani ni furaha, akasema alhamdulillahi. Haikuwa furaha. Ilikuwa hasira iliyokuwa imekaa muda mrefu bila pa kutokea, maana sasa ilikuwa na ushahidi wa kushika mkononi.

Sultani aliporudi alasiri, video ilikuwa tayari. Sabaha akamwonyesha namba, akamwonyesha nailoni. Sultani akaitazama nailoni, kicheko kikaanza, kikakatika, kikaanza tena kwa nguvu zaidi.

"Kumbe nailoni tu! Dah. Sabaha, wewe ni noma."

"Nataka mjomba wangu aambiwe."

"Tutampigia simu jioni."

"Alihukumiwa kwa simu? Aliletwa hapa, akakalishwa, akasimama mbele ya watu. Na mikorosho?"

"Nitaongea na mama, taratibu. Mke wangu, mashine imepona. Watu wa Naipingo watapata video yao. Unataka nini tena? Yaishe."

Yaishe! Neno hili hupendwa sana na watu wasioumia. Sabaha aliikunja ile nailoni ndani ya kipande cha gazeti, akaiweka kwenye mkoba wake.

* * *

Jumapili alipanda Noah kwenda Ruangwa. Duka la Titus lilikuwa wazi, wateja watatu wanasubiri simu zao. Sabaha akamsalimia kila mmoja kwa adabu, kisha akaiweka nailoni juu ya kioo cha kaunta.

"Fundi, hii ni nini?"

Titus aliitambua. Uso wake ulisema hivyo kabla ya mdomo. "Ni... nailoni. Umeitoa wapi, shemeji?"

"Kati ya shaba na prosesa. Joto sasa ni hamsini na nane. Nina swali moja, halafu nitaondoka. Ulisema umeifungua mara mbili, umesafisha mara mbili, umepaka dawa mara mbili. Mtu aliyefungua mara mbili angeiona hii mara mbili. Kwa hiyo ama hukufungua, ama uliiona ukanyamaza. Chagua wewe."

"Shemeji, tuongelee nje."

"Mimi sikusemewa nje. Nilisemewa mbele ya mjomba wangu, na wewe ukala kuku wangu."

Mteja mmoja akakohoa. Titus akashusha sauti. "Sikufungua. Kazi zilikuwa nyingi. Niliiwasha ikawaka, nikaona inatosha."

"Na prosesa iliyoungua uliionaje?"

"Nilikadiria."

"Ulikadiria, ukataka upewe mashine. Kwa makadirio yako mzee wa watu ametoa mikorosho ishirini."

Hapo Titus akapandisha sauti. Mtu akibanwa huwa anatafuta wa kubanwa naye. "Sasa usinikaange peke yangu! Muulize mumeo. Siku naunganisha alikuwa amesimama hapo hapo ulipo. Nilitaka kuibandua hiyo, akasema acha, shaba isichubuke, isiingie kutu, iwe mpya siku zote. Muulize."

"Na wewe fundi ukakubali."

"Mteja amesema acha."

"Ulikuwa unajua inatakiwa kutoka?"

Titus akachezea bisibisi. "Ya maji ilikuwa ya kwanza kwangu," alisema hatimaye. "Sikuwahi."

"Hilo ungelisema siku ile, tungekaa tukasoma pamoja kikaratasi kilichokuja na boksi. Kusema hujui hakungekutoa damu." Akaikunja nailoni yake. "Kesho usije Nachingwea."

Njiani kurudi hakuona kitu. Alikuwa akikisikiliza tena kile kicheko cha Sultani cha jana, jinsi kilivyokatika katikati, na sasa alijua kilikatwa na nini.

Alimkuta uani, anafuta lenzi ya kamera.

"Ulikumbuka lini?" Sabaha alimuuliza.

Sultani hakuuliza kukumbuka nini. "Jana. Uliponionyesha. Wallahi kabla ya hapo sikuwa na habari."

"Na jana ukasema yaishe."

"Ningesema nini, Sabaha? Mama alikuwa chumba cha pili, anasikia. Ufuta wake. Ningesema nini mbele ya mama?"

"Mjomba wangu alisema nini mbele ya mama yako?"

Sultani akaendelea kuifuta lenzi ambayo ilikuwa safi.

"Kesho tunakwenda Ruponda," Sabaha alisema. "Wewe, mama na mjomba wako. Wote waliokaa. Usipokwenda, nitakwenda mimi, na sitarudi. Mashine mtabaki nayo. Imepona."

* * *

Walimkuta Mzee Swalehe shambani, si nyumbani. Alikuwa na pampu ya salfa mgongoni, kitambaa usoni, anapuliza ile mikorosho ishirini ya upande wa barabara.

"Si umeshaitoa hii?" Bibie alimuuliza, na sauti yake haikuwa ile ya kwenye kikao.

"Nimetoa mavuno yake. Ukungu wa ubwiri ukiingia kwenye maua, mtavuna nini?" mzee alijibu. "Karibuni. Kuna jua."

Alitangulia nao mpaka nyumbani. Majirani wawili watatu waliokuwa wakipita wakasimama, kwa kuwa Ruponda yote ilikuwa imeshasikia kwamba mtoto wa dada yake Swalehe ameharibu mali ya watu Nachingwea. Mkeka ukatandikwa, viti viwili vikaletwa, Shaban na Bibie wakakaa. Sultani akabaki amesimama, kwani ndiye mwenye maneno.

"Mjomba," Sultani alianza, "tumekuja kwa heri. Ile mashine imepona. Kulikuwa na hitilafu ndogo ndani, fundi alipitiwa. Unajua tena, shetani akipita kati ya watu..."

"Shetani hashiki bisibisi," Sabaha alisema. "Sema nani."

"Sabaha, mbele ya watu."

"Mbele ya watu ndiko tulikoanzia."

Sultani alitazama chini. Alikuwa kijana wa maneno mengi, anayeweza kushika kipaza sauti kwenye harusi na kuwachekesha watu mia tatu, na sasa alihesabu maneno yake kana kwamba kila moja linauma. Akasema kwamba kulikuwa na nailoni. Akasema fundi alitaka kuitoa, yeye akamkataza. Akasema maji ya Sabaha hayakuwa na kosa. Akasema fundi hakuwahi kuifungua mashine, na kwamba yeye, Sultani, alijua tangu Jumamosi na akataka yaishe.

Bibie, ambaye sehemu hiyo hakuwahi kuambiwa, alimgeukia mwanawe. "Wewe ndiye," alisema. Halafu akasema, "Na mimi nikabeba habari ya chupa mpaka kwenye kikao."

Shaban akasafisha koo. "Basi, mzee mwenzangu, mambo yamekuwa wazi, sifa kwa Mungu. Mikorosho yenu ni yenu. Tumesameheana. Tupige fatiha, tufunge."

Mikono ikaanza kuinuka. Ya Mzee Swalehe haikuinuka.

"Mwanangu," alimwita Sabaha. "Siku ile ulitaka kuniambia nini?"

"Kwamba maji yalikuwa baridi, mjomba. Kwamba joto lilikuwa haliyafikii."

"Mimi nikasema basi."

"Ulisema basi."

Mzee alitazama kucha zake za manjano. "Hawa walikuwa hawakujui," alisema kwa Kimwera, lugha ya kwao, taratibu, ili asikosee. "Mimi nakujua. Nimekulea wewe, sijawahi kukukamata na uongo hata wa sukari. Nikamwamini mtu wa mkoba. Katika wote waliokaa pale, aliyekukosea zaidi ni mimi, na sina mkorosho wa kulipia hilo. Nisamehe."

Sabaha alitaka kusema usijali, mjomba, kama alivyofundishwa tangu utotoni. "Iliniuma," alisema. "Yako iliniuma kuliko zote."

"Najua."

"Sasa tufunge," Shaban alisema tena, akilipima jua kwa jicho moja. "Safari ni ndefu."

"Hatufungi," Mzee Swalehe alisema, akirudi kwenye Kiswahili chake cha sokoni, na safari hii hakuomba radhi kwa yeyote. "Kikao cha Ijumaa kilikwisha huyu hajasema. Mlisema anasemewa. Mimi msemaji nimeshindwa, kwa hiyo atajisemea. Tutakaa mpaka amalize."

Sabaha akavuta khanga yake mabegani, akasema. Alianza na mabomba na namba, akapita kwenye kicheko cha jikoni na chai ya injinia, akafika kwenye mikorosho ya bibi yake, na hakuishia hapo. Alisema na ya miaka ile tisa ya ndoa ambayo mashine haikuhusika nayo. Hakuna aliyemkatiza. Sultani aliyasikiliza yote akiwa amesimama juani, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.